Faili la moyo lilibaki Chwaka

Tulitoka Chwaka na gari ya alfajiri: mimi, binti wa ami yangu na mwanawe wa miaka minne. Mtoto alikuwa anakwenda kufanyiwa operesheni ya mshipa wa kinena, ule uvimbe unaotokeza akilia na kurudi akilala. Hajala tangu usiku, na njia nzima aliomba chai.

Daktari wa usingizi akauliza, "Mtoto ana maradhi mengine?"

"Hana, ni mshipa tu."

Daktari akaweka kipimo kifuani, akasikiliza, akarudia tena. "Mama, moyo wa huyu una mlio."

"Ah, hilo la moyo lina faili lake. Liko nyumbani."

Mtoto alizaliwa na tundu kwenye moyo. Na mimi nilijua! Naandika habari za afya kila wiki. Nimeshaandika juu ya watoto wa Zanzibar wanaovuka bahari kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na waliotibiwa Israel kupitia shirika la Save a Child's Heart. Lakini asubuhi ile hata mimi niliona tumbo ni tumbo na moyo ni moyo.

Operesheni ikaahirishwa. Binti ami alinuna: nauli imekwenda, mwani wake umebaki baharini, mtoto kashinda na njaa.

Daktari alikaa naye akamweleza. Mkato wa mshipa ni mdogo. Kinachoogopwa zaidi ni nusu kaputi. Dawa ile huweza kushusha presha na kubadilisha namna damu inavyogawanyika baina ya mwili na mapafu. Kwa wale watoto wanaogeuka buluu midomoni, damu inaweza kuyakwepa mapafu na hewa ikapungua mwilini ghafla. Hata kiputo cha hewa kwenye dripu, ambacho kwa kawaida huishia kwenye mapafu, chaweza kupita tunduni hadi kwenye ubongo. Hao wa buluu pia wasiachwe na kiu saa nyingi, maana damu yao ni nzito na huweza kuganda. Muulize daktari saa ya mwisho ya mtoto kunywa maji.

Si kwamba wasifanyiwe. Wengi hufanyiwa wakapona, ila kwa maandalizi: kipimo cha eko cha karibuni, dawa zote anazotumia zijulikane, daktari wa moyo ashauriwe. Lakini uvimbe ukiwa mgumu, haurudi ndani, na mtoto anatapika, hapo hakuna kusubiri tarehe. Mkimbize hospitali, na ukifika taja moyo kwanza.

Wiki tatu baadaye tulipanda gari ile ile. Tulipofika Dunga nikamuuliza faili liko wapi. Hakunijibu, alifungua mkoba tu: lilikuwa juu ya nguo za mtoto, pamoja na majibu ya eko mpya.

Mtoto alitoka chumba cha operesheni kabla ya adhuhuri. Alipozinduka, akaomba chai.