Karatasi ya Dhamana

Kumdhamini mtu ni kuweka neno na mali mahali pa mwili wake. Neno huaminiwa na jamaa na majirani. Mbele ya hakimu huombwa ushahidi. Kwa hiyo mdhamini afikapo mahakamani katika Tanzania aghalabu huja na kitambulisho chake, pamoja na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au ya kijiji. Katika shauri la mali yenye thamani kubwa, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 humtaka mshtakiwa aweke fedha taslimu nusu ya thamani hiyo, au badala yake hati ya mali isiyohamishika.

Hapo kazi ya uhakiki huanza. Jina katika hati hulinganishwa na jina katika kitambulisho; muhuri wa barua hutazamwa; hati ya ardhi huulizwa kwa msajili, ijulikane kama mwenyewe ndiye, na kama haikuwekwa rehani kwingine. Uangalifu huu si adha ya bure. Hati ya kughushi ni dhamana ya upepo: mshtakiwa akitoroka, mahakama hushika karatasi, na aliyedhulumiwa hushika tama.

Lakini mizani ina vitanga viwili. Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977 yakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Karatasi ikikawia mezani siku tatu, yeye hulala mahabusu siku tatu, na siku hizo hazirudishwi hata akiachiwa huru.

Mzito zaidi ni mkasa wa mkulima. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 huipa haki ya kimila ya kumiliki ardhi hadhi sawa na haki itolewayo na serikali. Shamba lake laweza kuwa la babu zake, na mikorosho yake yajulikana na kijiji kizima; lakini asipokuwa na hati ya hakimiliki ya kimila, huja mahakamani na ukweli mtupu, na yamkini akatanguliwa na mwongo mwenye muhuri.

Mahakama haiwezi kuacha kuhakiki. Yaweza kuhakiki upesi, na kumsikiliza mwenyekiti wa kijiji aliye tayari kusimama na kusema akijuacho. Karatasi iliwekwa iwe shahidi wa ukweli. Ikisikilizwa peke yake, shahidi amekuwa hakimu.