Hatua Elfu Kumi na Karatasi ya Nyota



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, leo mniwie radhi, sitaandika darasa la fiqhi wala la sira kama mlivyozoea kutoka kwangu. Nataka kueleza jambo lililonipata mimi mwenyewe kwa sababu ya saa, tena saa ya zawadi.

Mwaka 2023 nilipimwa kwenye kituo cha afya hapa Kigali nikaambiwa sukari yangu imepanda. Haijafika kuitwa kisukari, lakini iko mlangoni. Daktari hakunipa dawa. Alisema tu, "Ustaadh, tembea." Na kweli, kazi yangu ni ya kukaa. Asubuhi nakaa na msahafu, alasiri mpaka magharibi nakaa mkekani na watoto, na nyumbani ndiyo usiseme. Ndugu yangu anayeishi Ubelgiji aliposikia habari hiyo akanitumia saa ya kuhesabu hatua, ile inayovaliwa mkononi na kuunganishwa na simu.

Kwa asiyeijua, ndani ya saa hiyo kuna kifaa kidogo kinachohisi mtikisiko wa mkono. Mtu akitembea mkono wake hupunga kwa mpigo fulani, na saa huuhesabu mpigo ule kuwa ni hatua. Miguu yako haiioni. Siku moja mama watoto aliivaa akitwanga sombe, amesimama palepale kwenye kinu, saa ikampa hatua mia nane na kitu. Siku nyingine nilitoka sokoni nimebeba mfuko wa mchele kwa mkono uleule wa saa, nikapanda kilima cha Nyamirambo chote, nikapewa hatua chache za kusikitisha. Tulicheka sana nyumbani. Lau ningetulia siku ile ningeona kuwa kinachohesabiwa na saa si kile alichoniambia daktari.

Saa ilikuja na lengo lake tayari, hatua 10,000 kwa siku. Mimi nilidhani ni hesabu ya matabibu. Baadaye niligundua asili yake. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani iliuza kifaa cha kuvaa kiunoni kilichoitwa manpo-kei, maana yake ni kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la biashara, na namba ile ni nzuri kutamka na rahisi kukumbuka. Tangu hapo imepita mkono kwa mkono mpaka ikafika kwangu Nyamirambo kama vile imeshuka kwa dalili sahihi! Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichapisha habari za wanawake zaidi ya 16,000, wastani wa umri wao miaka 72. Waliokuwa wakitembea kama hatua 4,400 kwa siku walifariki wachache kuliko waliotembea 2,700, na nafuu hiyo iliongezeka mpaka kufika kama 7,500, kisha haikuzidi. Sisi tunaofundisha watoto kuuliza hadithi imepokewa na nani, namba hii tuliimeza bila kuuliza.

Sasa nieleze jinsi saa inavyomshika mtu, maana mimi nilidhani ni nguvu ya azma yangu.

Kwanza ni kile kitu kisichokamilika. Saa za Apple, zilizoanza kuuzwa mwaka 2015, zina maduara matatu ya rangi: la kujongea, la mazoezi ya dakika 30, na la kusimama walau dakika moja katika saa 12 tofauti za siku. Duara likibaki na mwanya mdogo, jicho haliwezi kulistahimili. Kifaa cha kwanza cha Fitbit, cha mwaka 2009, hakikuwa hata saa, kilibanwa kwenye nguo, na kioo chake kilionyesha ua linalorefuka kadiri unavyojongea. Ukikaa, ua linafupika. Nani anataka kufupisha ua lake? Yangu mimi ilikuwa na duara moja la kijani, na kadiri lilivyokaribia kufunga ndivyo miguu ilivyozidi kuwa mepesi. Asubuhi hatua mia mbili zilikuwa mzigo, lakini usiku zikibaki mia mbili nazitafuta kwa kuzunguka meza.

Halafu kuna kutetema. Ukikaa muda mrefu saa inakutikisa mkono, inuka. Ukifikisha lengo inatetema kwa namna nyingine, na kioo kinarusha cheche kama fataki za Idi. Kuna nishani za kila aina, za umbali, za vilima. Na kuna orodha ya ndugu na marafiki, aliyetembea zaidi wiki hii yuko juu. Mimi nilikuwa wa tatu, nyuma ya shemeji yangu. Nawaambieni ukweli kwa kuwa nimekusudia kusema ukweli: kuna usiku nilitoka baada ya isha, mvua inanyesha, si kwa ajili ya sukari, bali kwa ajili ya shemeji. Nimefundisha mlango wa riyaa miaka kumi na tisa.

Lakini kikubwa kuliko vyote ni mfululizo, yaani hesabu ya siku ulizofikisha lengo bila kuruka hata moja. Siku ya tano haina uzito. Siku ya tisini ni mali, nawe unakuwa mlinzi wa mali. Hutembei tena ili upate kitu, unatembea ili usipoteze.

Sikatai kwamba ilinifaa. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotoka mwaka 2022 yalionyesha kuwa wanaovaa vifaa hivi huongeza, kwa wastani, kama hatua 1,800 kwa siku, na mimi niliongeza zaidi ya hizo. Zile Jumapili ambazo barabara kadhaa za Kigali hufungwa kwa magari asubuhi, utaratibu ulioanza mwaka 2016, nilikuwa barabarani mapema na wanangu, na wahudumu wanaopima watu bure njiani walinipima, sukari imeshuka. Alhamdulillah.

Basi mfululizo wangu ulikuwa siku ya 112 mama yangu alipolazwa. Shinikizo la damu lilimpanda ghafla, tukamkimbiza hospitali jioni, na usiku ule zamu ya kukaa naye ilikuwa yangu. Alikuwa na mpira wa maji mkononi, anasinzia na kuamka. Kama saa nne na nusu usiku niliinuka, nikatoka ukumbini, nikaanza kwenda mbele na kurudi. Nesi alinipita akaniambia pole, mgonjwa atapona in shaa Allah. Alidhani natembea kwa wasiwasi. Mimi nilikuwa nimeangalia mkono, zimebaki hatua 1,300 kabla ya saa sita.

Niliporudi kuchukua maji ya kunywa mama alifungua macho akasema, "Mwanangu, mbona hukai?"

Nikamwambia nanyoosha miguu. Nikatoka tena.

Saa ilitetema nikiwa mwisho wa ukumbi, fataki zikaruka kwenye kioo. Niliporudi kitandani mama amelala. Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki na nikawa sina pa kuutazama uso wangu. Mama alipona, yuko nyumbani, na swali lake lile hakulirudia. Mimi ndiye ninayelirudia.

Mfululizo wenyewe ulikatika siku mbili baadaye, kwa jambo dogo kabisa: saa iliishiwa chaji na waya nimeuacha nyumbani. Nilitembea sana siku ile, kufuata dawa na vipimo, lakini kwa saa ilikuwa sifuri. Na hapa ndipo ilipotokea ajabu. Mtu mzima, mwenye watoto, mwenye sababu ya kiafya ya kutembea, niliiweka saa kwenye droo nikaacha kutembea wiki tatu. Hata masjid nilianza kupanda pikipiki. Sisi tunaojua ujira wa hatua za kuendea swala! Nilisema moyoni, zimeshapotea, kuna faida gani.

Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia kwa mtu mwingine.

Katika chuo chetu, ukutani, kulikuwa na karatasi kubwa ya nyota. Niliichora mwenyewe. Kila mtoto na mstari wake, na kila siku anayokuja na somo lake amelihifadhi nabandika nyota. Nyota 30 mfululizo ni kofia au mtandio. Akikosa, mstari unaanza upya. Wazazi waliipenda sana karatasi ile, na mimi nilijisifu kuwa nimevumbua njia. Kulikuwa na mtoto wa miaka kumi aliyefikisha nyota 47. Akaugua malaria, akakosa siku nne. Aliporudi nikambandikia nyota moja mwanzoni mwa mstari mpya, nikiwa na tabasamu. Aliangalia ukuta akasema, "Ustaadh, zimeshapotea." Baada ya hapo akawa anakuja siku moja, hakuji mbili, kisha hakuja. Baba yake nilimwambia mtoto amekuwa mvivu. Nililisema hilo kwa kinywa changu.

Kuna jingine nililiona likanipita. Baadhi ya watoto walikuwa wakija kila mara na sura fupi walizokwisha zijua zamani, kwa sababu nyota haiulizi sura ni ipi. Walikuwa wakizunguka meza usiku, kama mimi.

Nilipoanza kusoma habari za vifaa hivi nilikuta jambo lililoniumiza. Mwaka 2024 Apple waliongeza uwezo wa kusimamisha maduara siku za maradhi au mapumziko bila mtu kupoteza mfululizo wake. Wafanyabiashara wa saa wameona kuwa mgonjwa asihesabiwe kuwa mzembe. Na sisi tunayo hadithi katika Bukhari kwamba mja akiugua au akisafiri huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima na mkazi. Nimeifundisha mara nyingi. Ukutani kwangu haikuwepo.

Nilikuta pia utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wa vijana 471 wa Marekani waliokuwa wakipunguza uzito kwa muda wa miaka miwili. Wote walipewa ushauri wa chakula na mazoezi, na baadhi yao wakaongezewa kifaa cha kuvaa. Waliovaa walipungua kilo 3.5, wasiovaa kilo 5.9. Sisemi vifaa vinanenepesha, na utafiti mmoja si hukumu. Pengine mtu akishaona fataki anahisi kazi imekwisha. Na vitu hivi si vyako: mwezi Machi 2023 Fitbit waliyaondoa mashindano ya hatua waliyokuwa wameyaweka wenyewe, na waliokuwa wakitembea kwa sababu ya mashindano wakabaki na miguu yao tu.

Saa nimeitoa kwenye droo. Nimeingia kwenye simu nikazima kutetema, nikajitoa kwenye orodha ya ndugu (shemeji alipiga simu kuuliza kama ninaumwa), lengo nimelishusha mpaka 6,000, na naivaa mchana tu. Alfajiri naiacha nyumbani. Siku za mwanzo mkono ulikuwa unajigeuza wenyewe nitazame, hata ndani ya swala, Allah anisamehe. Sasa umepungua, haujaisha. Nilipopimwa mara ya mwisho sukari ilikuwa imepanda kidogo kwa sababu ya zile wiki tatu, na daktari alinisema.

Karatasi ya nyota niliibandua siku ya Ijumaa watoto hawapo. Jumamosi wawili walilia, na mama mmoja alinipigia kuniambia mwanawe sasa hashiki msahafu nyumbani mpaka asukumwe. Ana haki ya kulalamika. Sijapata badala iliyo nzuri kama ile kwa kuwasukuma, na sitawadanganya kuwa nimepata. Kila mtoto ana daftari lake, naandika amefika aya gani, na siku aliyougua naandika aliugua. Asubuhi nyingine darasa ni zito, watoto wanapiga miayo, nami nazikumbuka nyota.

Yule mtoto nilikwenda kwao kwa miguu, ni mbali kidogo, upande wa pili wa bonde. Baba yake alinikaribisha chai, nami nikamwambia mbele ya mtoto kwamba lile neno la uvivu nililisema kwa kukosea. Mtoto hakusema kitu. Nikamwomba anisomee alipoishia, akasoma, na zile siku nne za malaria hazikuwa zimemtoa hata aya moja. Zilizomtoka ni zile alizojifunza baadaye, akiwa amekata tamaa. Tumekubaliana aanze hapo. Amekuja Jumamosi mbili, ya tatu hakuja, na leo ninapoandika ni Alhamisi.