Kivumishi cha Mjomba

Kwa miezi miwili ukurasa huu umekaa kimya, na wachache wenu mmeniuliza kwa wema kama nimeacha utunzi. Sijaacha. Nilikuwa nikilehemu. Nimeona niwasimulie kisa chenyewe, maana kimenirudisha kwenye vina na mizani kwa njia ambayo sikuitarajia, tena kwa gharama ya aibu niliyoipata mbele ya ukoo mzima.

Mjomba wangu alipiga gitaa la ridhimu mjini Tanga katika ujana wake, kwenye bendi ndogo iliyojulikana mitaa michache tu, katika mji uleule uliowapa wasikilizaji Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Yeye ndiye aliyenifundisha kuhesabu mizani. Hakutumia ubao wala chaki. Alipiga nyuzi mapigo manane, akanyamaza kidogo, akapiga manane mengine, kisha akaniambia nitafute maneno ya kukaa humo. Nakala yake ya Sheria za Kutunga Mashairi ya Kaluta Amri Abedi, kile kitabu cha mwaka 1954, ilikuwa imechakaa pembe zote, na bado naiona akilini kila ninapohesabu silabi kwa vidole.

Miaka mitatu iliyopita alipata kiharusi. Mguu ulirudi, ulimi ulirudi, ila mkono wa kulia ulirudi nusu. Vidole vinajua pa kwenda lakini havina nguvu ya kuugonga uzi. Gitaa lake la umeme ni la zamani, na amplifaya yake ndogo ilikwisha kufunguliwa hadi mwisho. Katika shughuli za kifamilia binamu zangu hupiga kinanda na ngoma, naye hukaa pembeni akipiga kitu ambacho yeye peke yake anakisikia. Sijapata kumsikia akilalamika. Siku moja tu aliniambia, kana kwamba anazungumzia hali ya hewa, "Mjomba, siku hizi napiga gitaa la kuonwa."

Neno hilo lilikataa kunitoka.

Wapiga gitaa hutumia visanduku vidogo vinavyowekwa sakafuni, kati ya gitaa na amplifaya, na kukanyagwa kwa mguu ili kuibadili sauti. Tunaviita pedali, neno tulilokwisha kulizoea kwenye baiskeli. Kimoja huikwaruza sauti, kingine huirudia kama mwangwi, kingine huiyumbisha kama iliyo majini. Nilichokihitaji mimi ni cha hali ya chini kuliko vyote: kinachoipokea sauti ndogo na kuitoa kubwa. Kiko kimoja mashuhuri, LPB-1, kilichotolewa mwaka 1968 na kampuni ya Electro-Harmonix ya New York. Ndani yake mna transista moja, rizista nne, kapasita chache na kitufe cha kuzungusha, basi. Saketi yake inajulikana duniani kote, na watu wanaojitengenezea pedali nyumbani huanza nayo kama sisi tunavyoanza na tarbia. Ningeweza kuagiza kilichokwisha kutengenezwa. Lakini nilitaka kiwe kazi ya mikono yangu, na sitaficha kwamba kiburi kilikuwamo.

Kuna michoro ya aina mbili, na kisa changu chote kimo katika tofauti yake. Wa kwanza ni mchoro wa saketi: alama na mistari inayoonyesha umeme unatoka wapi na kwenda wapi, bila kujali kitu gani kinakaa wapi. Wa pili ni picha ya mpangilio: ubao wenyewe umechorwa kwa rangi, na kila kipuri kimeonyeshwa kinaingia tundu lipi. Kwa huo wa pili huhitaji kujua lolote. Unahesabu matundu, unachomeka, unalehemu. Nikauchagua huo.

Ubao wenyewe ungewafurahisha washairi. Upande wa chini una mistari ya shaba iliyonyooka, yenye matundu yaliyoachana kwa milimita 2.54, na umeme hutembea katika kila mstari kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukitaka kuugawa mstari, unaikata shaba mahali fulani kwa ncha ya kekee, na hapo mshororo unapata ukwapi na utao wake. Tatizo ni kwamba picha huonyesha mikato kama unautazama ubao kwa juu, hali shaba iko chini. Ukiupindua, kushoto huwa kulia. Nilikata mara mbili mahali pasipostahili kabla sijamkumbuka babu, aliyeandika tenzi zake kwa hati ya Kiarabu. Tangu hapo kila nilipoupindua ubao nilijiambia, "Sasa tunasoma kwa hati ya babu," na sikukosea tena.

Kisha zikaja rangi. Rizista ni kijiti kidogo kama punje ya mchele, hakina nafasi ya kuandikwa tarakimu, kwa hiyo thamani yake huonyeshwa kwa mistari ya rangi. Katika zile zenye mistari minne, miwili ya kwanza ni tarakimu, wa tatu ni idadi ya sifuri zinazofuata, na wa nne hueleza usahihi wake. Waingereza na Wamarekani wana sentensi zao za kukumbukia mpangilio huo. Sisi tulio na ushairi uliokwisha kubeba dini, tiba na historia, hatuwezi kushindwa na rangi kumi! Nikatunga takhmisa hii, nikaibandika ukutani juu ya meza:

Nyeusi haina kitu, kahawia ndiyo moja,
Nyekundu mbili, na tatu, chungwa ndilo laitaja,
Nne manjano ya kwetu, kijani na tano yaja,
Buluu sita, thubutu, zambarau saba koja,
Kijivu nane, ni butu, nyeupe tisa yangoja.

Kwa ubeti huo, kahawia, nyeusi na chungwa ni 1, kisha 0, kisha sifuri tatu: omu 10,000. Chungwa, nyeupe na kahawia ni omu 390. Msomaji anaweza kuupeleka kwa fundi redio yeyote akaujaribu. Nilipomsomea mjomba kwa simu alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Hilo 'thubutu' linafanya nini humo?" Nikamjibu kwamba linashika kina. "Basi ni kibarua. Mpe kazi au mfukuze." Sikumfukuza, maana sikupata wa kushika nafasi yake.

Niliimaliza pedali siku mbili kabla ya harusi ya mpwa wangu. Hapa Dar es Salaam sina gitaa, hivyo nilichoweza kujaribu ni taa yake ndogo. Ilipowaka nyekundu, niliamini. Nikasafiri nayo hadi Tanga nimeipakata mapajani kama keki.

Jioni ya harusi mjomba alivaa kanzu yake nzuri, akaketi na gitaa, nami mbele ya watu nikachomeka waya huku na huku, nikamwambia, "Kanyaga, mjomba." Akakanyaga, akapiga. Sauti ikapungua. Haikuongezeka, wasomaji, ilipungua, tena ikawa inakwaruza kama redio inayokata roho kwa betri. Akapiga mara ya pili, na ya tatu, akiniangalia. Kisha akainama mwenyewe, kwa ule mkono wa kushoto, akauchomoa waya na kuliegemeza gitaa ukutani. Watoto walicheka. Watu wazima walijifanya hawakuona, jambo lililoniuma zaidi. Usiku ule hakulishika tena gitaa, na nilijua kwamba nilichokuwa nimemfanyia kilikuwa kibaya kuliko kutomfanyia kitu: nilikuwa nimewaita watu waje waushuhudie ukimya wake.

Nilirudi Dar es Salaam nikaukagua ubao dhidi ya ile picha mara tatu. Kila tundu lilikuwa sawa. Kila rangi ilikuwa sawa. Mizani ilitimia na vina vilitimia, na sauti haikuwamo.

Ndipo nikaufungua ule mchoro wa kwanza nilioukimbia. Ulinichukua siku nyingi, lakini nitawapeni muhtasari wake, kwa kuwa ni mzuri. Betri inatoa volti 9. Rizista mbili, moja ya omu 430,000 na nyingine ya 43,000, zinaugawa umeme huo na kuuachia mguu wa kati wa transista, uitwao msingi, kiasi cha volti 0.8 hivi. Mguu mmoja wa pembeni, mtoaji, huufuata msingi kwa chini kidogo, tofauti yake ikiwa kama volti 0.6. Hivyo hubaki volti 0.2 juu ya ile rizista ya omu 390, na humo hupita mkondo wa kama nusu ya elfu moja ya ampea. Mkondo huohuo, kwa upande wa mguu wa tatu, mkusanyaji, lazima upite katika omu 10,000, na huko unakula kama volti 5. Kwa hiyo pale kwenye mkusanyaji, sauti inapotokea, panapaswa kubaki volti 4 hivi, karibu na katikati, ili wimbi liwe na nafasi ya kupanda na kushuka. Na kiasi cha kukuza ni ule uwiano wa 10,000 kwa 390: mara 25 hivi. Mtikisiko mdogo upande wa nafasi finyu unatokea mkubwa upande wa nafasi pana. Nilipoliona hilo nilisimama nikazunguka chumba.

Nikachukua mita, nikapima pale palipostahili volti 4. Palikuwa na zaidi ya 7.

Picha iliitaja transista ya 2N5088. Muuzaji wa Kariakoo hakuwa nayo, akanipa BC547, akaniambia zinafanya kazi moja. Wala hakukosea. Ila ukiuelekeza kwako uso wake bapa, miguu ikitazama chini, 2N5088 huanza na mtoaji upande wa kushoto, na BC547 huanza na mkusanyaji. Umbo ni lilelile, miguu ni mitatu ileile, mpangilio umegeuka. Nilikuwa nimemsimamisha mtu sahihi mahali sahihi akiwa ametazama ukutani. Niliiyeyusha lehemu, nikaigeuza, nikapima: volti 4 na ushei. Kazi ya dakika tano.

Sasa niseme jambo linalotuhusu hapa. Baadhi yenu mmenitumia mashairi kwa miaka hii, nami nimewajibu, "Mizani imetimia, hongera." Nimeyapitia majibu hayo na nimeona haya. Kulikuwa na shairi moja la kumlilia mama ambalo katika ubeti wa tatu neno "furaha" liliingizwa ili kushika kina cha -ha, na likaugeuza msiba wote mgongo. Nami nililipongeza kwa kuhesabu matundu. Mwenye shairi atajijua, na namwomba radhi. Sisemi haya ili kuufufua ule ugomvi wa wanamapokeo na wanamabadiliko, uliowaka sana baada ya Kichomi ya Kezilahabi mwaka 1974. Mimi ni wa mapokeo na nitabaki huko. Bila ile picha ya rangi nisingethubutu kushika chuma cha moto, kama ambavyo bila yale mapigo manane ya mjomba nisingeandika mshororo hata mmoja. Ila kitabu cha sheria hakikujui wewe umenunua transista gani.

Nilirudi Tanga bila kumwambia mtu. Safari hii tulikuwa wawili tu, sebuleni, mlango umefungwa. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba. Umekuja na taa yako?" Nikachomeka. Akakanyaga kwa uzito wa mtu asiyetarajia kitu.

Sauti ilijaa chumba. Na pamoja nayo kilijaa kila kitu: kidole kilichochelewa, uzi uliokwaruzwa, mvumo wa umeme wa nyumba nzima. Akasimama ghafla. "Kumbe nakosea hivi?" Niliogopa kwamba nimemwongezea jeraha la pili. Lakini alianza upya, polepole, pale alipokosea, akarudia, akarudia tena, kwa zaidi ya saa, hadi jirani alipogonga ukuta. Mjomba aliugonga na yeye.

Likabaki suala la jina. Nilitaka kuandika KIKUZA juu ya kisanduku. Alikataa, akasema kikuza ni cha mimea. Akapendekeza KIVUMISHI. Nikamkumbusha, kwa adabu, kwamba hilo ni aina ya neno, na kwamba wanafunzi wangu wataniuliza. "Kwani hakitokani na kuvuma?" akasema. "Na kazi si ileile? Kinamwongezea mtu sifa." Nikatafuta hoja ya kisarufi ya kumjibu na sikuipata. Akakikwangua jina hilo mwenyewe kwa msumari, kwa mkono wa kulia, herufi zikipanda na kushuka.

Nilimweleza kwamba asipouchomoa waya wa gitaa baada ya kupiga, umeme huendelea kupita na betri huisha hata kama hakuna anayekanyaga. Alisema ameelewa. Juzi amepiga simu kwamba kivumishi kimenyamaza. Hiyo ni betri ya tatu.