Kwa mwoga huenda kicheko

Mpenzi msomaji, bila shaka umewahi kusafiri na dereva anayesifiwa na abiria kwa kuwa haogopi kitu. Leo nataka nikusimulie habari za dereva aliyeogopa mchana kweupe, mbele ya watu, akachekwa. Nami nilimheshimu kuliko madereva wote niliopata kupanda magari yao.

Ilikuwa Februari, miaka kadhaa iliyopita. Nilikwenda Oman na binti yangu wa miaka 11 kumtembelea mama mdogo aliyeolewa Muscat. Kama ujuavyo, kule wapo watu si haba waliozaliwa Unguja, Pemba na Mombasa, na Kiswahili hakitafutwi kwa tochi. Wana wa mama mdogo ni wanachama wa klabu ya wapenda safari za nyikani, nao wakatualika katika msafara wao wa kupita korongo la Wadi Bani Awf, milima ya Hajar.

Tulikuwa magari 9 na watu 27. Kiongozi wetu alikuwa mzee wa miaka 60 na ushei, mzaliwa wa Unguja, ambaye kila mtu alimwita Ami. Tulipita mji wa Al Hamra, tukapanda hadi karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hapo lami iliishia, na njia ya changarawe ikaanza kuteremka upande wa pili, kona juu ya kona, kushoto mwamba na kulia genge.

Kabla ya kuteremka, madereva walipunguza upepo kwenye magurudumu ili mpira ushike mawe vizuri. Ami akawakumbusha watumie gia nzito, injini yenyewe ilizuie gari, kwani breki zikikanyagwa mteremko mzima hupata moto zikakataa kushika. Kisha akataja sheria ya msafara: kila dereva amtazame aliye nyuma yake kwenye kioo. Asipomwona, asimame. Kwa njia hiyo msafara wote huenda kwa mwendo wa yule aliye mzito kuliko wote, na hakuna anayeachwa.

Tulikipita kijiji cha Hatt, tukafika karibu na Bilad Sayt na mashamba yake ya ngazi yenye mitende. Mbele yetu palikuwa na mlango wa korongo, kuta za mawe zikikaribiana kama vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa. Vijana walikuwa wameingojea sehemu hiyo tangu alfajiri.

Ami akasimamisha msafara. Akashuka, akatazama milima tuliyotoka. Juu yake palikuwa na mawingu mazito ambayo asubuhi hayakuwapo.

"Leo hatuingii," akasema.

Ah, msomaji, ungesikia manung'uniko! Tulipokuwa, jua liliwaka na mchanga ulikuwa mkavu kama unga. Kijana mmoja akadai kwamba kwa gari lake angelipita korongo zima kabla mvua haijafikiria kunyesha. Mzee hakukasirika. Alimweleza kwamba milima ile ni mawe matupu, haina udongo wa kunywa maji. Mvua ikinyesha huko juu, maji yote hukimbilia bondeni, na bonde hilo ndilo korongo. Wewe utakuwa chini, kavu, hujaona hata tone, nayo yanakuja. Na humo ndani hakuna pa kugeuzia gari.

"Je, isiponyesha, Ami?" kijana akauliza.

"Isiponyesha, mwanangu, kesho mtanicheka. Nami nitawahesabu wanaonicheka. Nikipata 26, nitamshukuru Mungu."

Tulingoja mahali pa juu hadi saa tisa, kisha tukapanda kurudi tulikotoka. Binti yangu alinuna njia nzima. Na mvua? Haikunyesha. Usiku kule Muscat Ami alichekwa kweli kweli, naye akala wali wake kwa utulivu.

Huenda ukasema safari iliharibika bure. Mimi nasema hivi: mawingu kama yale yakirudi mara kumi, huenda mara tisa yakapita tu. Lakini hakuna anayejua ile ya kumi ni ipi. Aprili 2024 mafuriko yaliikumba Oman, na watoto wa shule walikuwa miongoni mwa waliosombwa wakafa. Nasi hapa nyumbani hatujasahau Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilipozama katika mto Enziu, kaunti ya Kitui. Watu zaidi ya 30 walikufa. Hawakuwa na haraka ya kufa. Walikuwa na haraka ya kuwahi harusi.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Shuleni tulifunzwa methali hiyo tukaikariri kwa ajili ya mtihani. Ami ndiye aliyenionyesha inavyoishiwa. Kusimama mbele ya maji si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kuwaambia watu 26 waliochangia mafuta na kuamka usiku kwamba wanarudi nyumbani, huku jua linawaka.

Basi msomaji, msimu wa mvua utakapofika, ukiwa kwenye matatu na dereva asimame mbele ya daraja lililofunikwa na maji, abiria wakimhimiza avuke, wewe paza sauti: "Dereva, nishukishe hapa." Mshike mwanao mkono, ushuke. Watakucheka. Waombee wavuke salama, waendelee kukucheka.