Papo Hapo

Aghalabu litajwapo neno utamaduni, fikra zetu hukimbilia ngoma, mavazi, mashairi na mapishi. Sina ugomvi na hayo. Mimi mwenyewe ni mtunzi wa mashairi, na baadhi ya tungo zangu zimepata kuchapishwa magazetini. Lakini riziki yangu haitoki katika vina na mizani. Hutoka nyuma ya gari la wagonjwa la hospitali moja ya wilaya iliyo kando ya barabara kuu, ambako nimetumika kwa zaidi ya miaka 30 nikiwapokea watu walioangushwa na pikipiki, minazi, pombe na, mara moja, ng'ombe aliyeshtushwa na honi ya lori. Kutoka katika kiti kile cha nyuma kisicho na mto nimeutazama utamaduni wetu kwa upande ambao wataalamu wa ngoma hawauoni, yaani yale ambayo mikono yetu hutenda inapokutana na mwili wa mtu aliyeumia, na mahali mikono hiyo ilipofundishwa kuyatenda.

Nianze na magazeti, maana ndiyo hunichekesha na kuniudhi kwa kadiri moja. Yapo maneno mawili ambayo waandishi wa habari za ajali hawawezi kuishi bila ya hayo: papo hapo. Fulani amegongwa, akafa papo hapo. Nimepata kuyasoma maneno hayo asubuhi, chai mkononi, yakimhusu mwendesha baiskeli ambaye usiku uliotangulia nilikuwa nimemshika mkono mimi mwenyewe. Alikaa nasi dakika 40. Katika dakika hizo aliuliza baiskeli yake iko wapi. Akaniusia kwamba mama yake asiambiwe kwa ghafla. Akakataa katakata shati lake lisikatwe kwa mkasi kwa kuwa lilikuwa la kuazima. Kisha akauliza tena habari za baiskeli. Yote hayo gazeti liliyafuta kwa maneno mawili. Simlaumu sana mwandishi. Alikuwa na nafasi ya sentensi tatu, na yamkini aliyempasha habari naye alipashwa na mwingine. Hata hivyo dakika 40 si kitu cha kutupa. Simba na Yanga wakicheza dakika 40 bila ya bao, hakuna mtangazaji atakayesema kwamba mchezo ulikwisha papo hapo.

Wale wasiokufa nao wana sentensi yao: wamelazwa na wanaendelea vizuri. Nimewahi kuisikia redioni ndani ya gari letu, tukiwa bado njiani, mmoja wa hao wanaoendelea vizuri akiwa amelala mbele yangu na mguu wake umeelekea upande ambao miguu haielekei. Alinitazama, nikamtazama, akasema kwa sauti dhaifu, "Kumbe!" Kwa lugha ya habari, basi, binadamu aliyepata ajali ana hali mbili tu: ama amekufa papo hapo, ama anaendelea vizuri. Ile hali ya tatu iliyo kati ya hizo, ambayo ndiyo kazi yangu yote, haina jina.

Tukitoka katika habari tukaingia katika filamu, mambo hugeuka kichwa chini miguu juu. Huku hali ya tatu ipo, ila haimdhuru mtu. Sisi wa Bara hatukuwa na kituo cha runinga mpaka mwaka 1994, ingawa ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nacho tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo wengi wetu elimu yetu ya majeraha tuliipata katika vibanda vya video, tumebanana kwenye mabenchi, msimulizi akitufasiria maneno ya Wachina na Wahindi kwa Kiswahili chake mwenyewe. Sheria ya kwanza ya vibanda vile kila mtoto aliijua: stelingi hafi. Stelingi alipigwa risasi ya bega, akajifunga kitambaa kwa meno yake, akaendelea kupigana kwa mkono uleule. Sasa bega, ndugu msomaji, si mto wa kulalia. Humo mna mshipa mkubwa wa damu na fungu zima la neva ziendazo mkononi, na mapafu yako jirani sana. Stelingi akapigwa chupa ya kichwa, akazimia, akaamka baada ya saa nzima, akakung'uta vumbi na kumwuliza msichana jina lake. Angeletwa kwetu mtu aliyezimia saa nzima kwa pigo la kichwa, hata tungemkuta amekaa anacheka, tusingempa ruhusa ya kwenda kuuliza jina la mtu.

Filamu zetu wenyewe nazipenda zaidi, kwa sababu ndani yake namwona jirani yangu. Lakini nazo, jamani! Mtu ameugua moyo, kichwani kafungwa bendeji yenye rangi nyekundu. Amewekewa dripu, na dripu imepachikwa juu ya mkono wa shati. Daktari hutoka chumbani, huvua miwani, hutikisa kichwa, na kabla hajatamka neno ukoo mzima umekwisha kuanguka sakafuni. Wakati huohuo marehemu, anayeonekana kupitia mlangoni, anapumua vizuri kabisa. Wajukuu zangu wamekwisha kunipiga marufuku kusema chochote wakati wa filamu.

Mtu atasema: huo ni mchezo, nani asiyejua kwamba ni mchezo? Mwaka 1996 madaktari watatu wa Marekani walichapisha utafiti wao juu ya jambo hilihili. Walikaa wakatazama michezo ya runinga ya kwao inayohusu hospitali na uokoaji, wakahesabu kila mgonjwa ambaye moyo wake ulisimama akakandamizwa kifua. Katika michezo hiyo, robo tatu ya wagonjwa walizinduka. Katika maisha, nje ya hospitali, hata nchini humo mwenye magari na vyombo vyote hupona takriban mmoja katika 10. Na watazamaji wa michezo hiyo ndio watu walewale ambao kesho yake husimama katika korido ya hospitali wakiulizwa wataka mzee wao afanyiwe nini. Mchezo huwa umekwisha kuwajibia.

Kwetu mambo huwa hayafiki koridoni. Huamuliwa barabarani, nasi bado hatujafika. Mtu akianguka, duara la watu 30 humzunguka mara moja, na watu wote 30 hupiga kelele kwa pamoja, "Mpeni hewa!" Pasipatikane hata mmoja wa kurudi nyuma hatua moja ili hewa ipite. Mwingine atakuja na maji ya kunywa, maana katika filamu mtu hunyweshwa maji akafumbua macho, na maana katika mila zetu njema hatuwezi kumwona mtu ana shida tusimpe maji. Maji katika kinywa cha mtu asiyejitambua hayaendi tumboni, huenda mapafuni. Atatokea wa tatu amchape makofi ya mashavu. Wa nne, tangu miaka hii ya simu za mkononi, hafanyi lolote ila kupiga picha. Zamani hao wa simu nilikuwa nikiwafukuza. Siku hizi nawaita kwa adabu, "Kijana, njoo na taa ya simu yako, mulika hapa," naye hujikuta ameajiriwa bila ya mshahara, na mikono yake hutulia.

Lipo jambo moja ambalo siwezi kulitania. Tulikwenda kumchukua mkwezi aliyeanguka kutoka juu ya mnazi. Tulipofika shambani hatukumkuta. Jamaa zake, watu wenye huruma na nguvu, walikuwa wamemwinua kwa mikono na miguu kama gunia, kama vile stelingi anavyomwinua rafiki yake vitani, wakamkalisha juu ya pikipiki katikati ya watu wawili, kichwa kikining'inia, wakaenda naye kilomita nyingi za makorongo. Tulikutana nao njiani. Aliyekuwa akimshikilia kwa nyuma aliniambia kwa fahari kwamba mwanzoni mgonjwa alikuwa akichezesha vidole vya miguu, akilalamika, ila sasa ametulia na halalamiki tena. Mkwezi yule yu hai mpaka leo. Hukaa barazani akisuka makuti, na miguu yake hasimamii. Hakuna ajuaye kwa hakika uti wa mgongo wake uliharibikia wapi, chini ya mnazi au juu ya pikipiki, nami sikuthubutu kuwaeleza wale jamaa ninalodhani. Walifanya walichokuwa wamekiona kikifanywa.

Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba habari na filamu ni burudani na kupitisha wakati, huwaza: wakati gani huo unaopitishwa? Wakati ulio kati ya kuanguka na kufika kwetu ndio wakati wenyewe, nao habari huufuta, na filamu huupitisha katika sekunde 10 zenye muziki. Mtu aliyelelewa na papo hapo hana sababu ya kukandamiza jeraha linalovuja damu. Kama amekufa, amekufa. Kama ni stelingi, atapona.

Wala sisemi kwamba sauti ya redio au wimbo haiwezi kufunza mikono. Nilikuwa mtoto mdogo mwaka 1973 wakati Radio Tanzania Dar es Salaam ilipoendesha masomo ya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni 2 wakakaa katika vikundi kusikiliza. Kijijini kwetu hawakuishia kusikiliza, maana nakumbuka vumbi la mashimo ya vyoo vilivyochimbwa. Nchi za wengine nazo zina mifano yao. Mwaka 1960 mtengenezaji wa vitu vya watoto wa Norway, Åsmund Lærdal, alitengeneza mwanasesere mkubwa wa kufundishia kumpulizia mtu pumzi, akampa uso ulionakiliwa kutoka katika kinyago cha msichana asiyejulikana, ambaye husimuliwa kwamba aliopolewa maiti katika mto Seine mjini Paris katika karne ya 19. Msichana ambaye hakuna aliyewahi kumwokoa sasa hufundisha watu kuokoa. Kisha wakagundua kwamba wimbo wa Bee Gees wa mwaka 1977, "Stayin' Alive", ambao jina lake lenyewe lina maana ya kubaki hai, una mapigo kama 103 kwa dakika, na kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama hutakiwa kukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika. Wakaufanya wimbo wa dansi kuwa mwalimu.

Wimbo huo mimi siufahamu vizuri, wala wanafunzi wa sekondari ninaowatembelea hawaujui. Lakini gwaride wanalijua. Mwendo wa haraka wa gwaride hukaribia hatua 120 kwa dakika, na hapana shule isiyokuwa na kijana mwenye sauti ya kuongoza nyimbo zake. Tunalaza gunia lililojazwa maranda, anaongoza yeye, nao wanapokezana kukandamiza katikati ya kifua cha gunia, kwenda chini sentimita 5 au 6 na kuachia, bila ya kukunja viwiko. Mwalimu wa Kiswahili hulalamika kwamba nyimbo zenyewe hazina urari wa mizani. Namwambia kwamba moyo nao hauna vina.

Na si kila kitu chatoka ng'ambo au redioni. Safari moja tulimkuta msichana wa kidato cha pili amepiga magoti kando ya barabara, amekandamiza paja la utingo wa lori kwa kanga iliyokunjwa, uzito wake wote umelalia viganja. Hakuwa ameifunua hata mara moja kuchungulia. Watu walikuwa wakimfokea aiondoe wakaone kidonda, naye amekataa. Nilimwuliza aliyemfundisha ni nani. Akajibu kwamba bibi yake alipata kufanya hivyo kwa mbuzi aliyechomwa na bati, na mbuzi akapona. Utingo naye akapona. Tulipoifungua ile kanga hospitalini nikajaribu kuyasoma maandishi yake chini ya damu. Yalikuwa yakimsengenya jirani. Hakuna gazeti lililoandika habari hiyo, na sishangai. Utingo hakufa papo hapo, wala hakuwa mtu maarufu, na bibi wa mbuzi hana simu.

Mara ya mwisho nilipokwenda shuleni na gunia langu, baada ya wimbo wa tatu, wote wakitweta, mvulana mmoja mwembamba aliinua mkono. Akauliza, je, mtu aendelee kukandamiza mpaka lini? Nikamjibu kwamba aendelee, akipokewa na wenzake, mpaka mgonjwa apumue au sisi tufike na gari.

"Na ninyi," akauliza kwa heshima zote, "huwa mnafika baada ya muda gani?"

Nilimgeukia dereva wetu. Dereva alikuwa anatazama tairi za gari lake.