Gunia kumi na mguu wa mjomba

Samahanini kwa kupotea karibu mwezi mzima, najua wengine mshaanza kusema jamaa kadisko. Sijadisko. Nilikuwa nyumbani Nachingwea, nimerudi Mlimani juzi usiku na basi, kiuno bado kinadai. Leo nina stori ya breki. Wale wa uhandisi msome mpaka mwisho, inatuhusu.

Mnaonifahamu mnajua mjomba wangu ana guta, lile la miguu mitatu, injini ya pikipiki mbele na bodi la mizigo nyuma. Lilikuja Nachingwea kwenye boksi, vipande vipande kama kabati la kuunga, mafundi wakalifunga kwa spana pale dukani. Bodi la asili lilipopasuka mwaka jana, mjomba akachomelewa jingine la chuma kizito zaidi. Kitabu chake hakipo, labda hakijawahi kuwepo. Kibati kwenye chesisi kinasema kilo 500. Mjomba anabeba gunia kumi za korosho, na gunia moja la korosho ni kama kilo 80, hivyo piga hesabu mwenyewe.

Na nisijifanye mtakatifu. Hizo gunia ndo zinaniongezea hela ya kula bumu likichelewa. Sisi Wamwera mjomba ndo mwenye wewe, na huyu wangu hajawahi kunikwepa hata siku moja.

Sasa ilikuwa wiki ya kwanza ya Oktoba, msimu wa korosho umeanza, tunatoka kijiji kimoja upande wa barabara ya Ruangwa kupeleka mzigo ghala la AMCOS. Mjomba anaendesha, mimi na utingo (kijana wa miaka 17 hivi) tumekaa juu ya gunia. Kuna mteremko unaishia kwenye kalivati. Mjomba kama kawaida yake katoa gia, kaweka nyutro ili abane petroli. Katikati ya mteremko nikamwona anainuka kwenye siti. Yaani amesimama juu ya pedali ya breki kwa uzito wake wote, na guta linaenda tu. Hakupiga kelele. Alikata kushoto tukaingia kwenye mikorosho ya watu, tukapita kati ya miti miwili, tukasimama kwenye kichuguu. Gunia moja likapasuka. Utingo alichubuka goti na kiwiko. Kalivati lilikuwa mita kama ishirini mbele, na pembeni yake kuna korongo.

Tukaokota korosho mpaka jua linazama. Mjomba akaniambia, "Mjomba, wewe si ndo unasomea haya mambo. Kesho nifungulie hizo breki."

Jamani. Niko mwaka wa tatu na nilikuwa sijawahi kuvua hata tairi la bajaji.

Usiku huo nilichofanya ni kile tunachokijua, hesabu. Guta, watu na mzigo jumla nikaweka kilo 1,170. Ukishuka mteremko wa asilimia 6 kwa spidi 30, kuzuia tu lisiongeze mwendo ni kama wati 5,700, ukiacha kile kidogo kinachopotea kwenye msuguano wa barabara. Hizo ni pasi za umeme karibu sita zinawaka kwa pamoja, na joto lote linaishia kwenye dramu mbili za nyuma, maana kwenye nyutro injini haikusaidii kitu. Asubuhi nikawa na suluhisho: tufunge breki ya diski mbele, kama pikipiki za kisasa. Nikamweleza mjomba kwa kujiamini kabisa.

Akaniuliza swali moja tu. "Mzigo unakaa wapi?"

Unakaa nyuma. Tairi la mbele la guta lililojaa limebeba sehemu ndogo tu ya uzito, na tairi lisilo na uzito ukilibana kwenye kokoto linateleza, halafu hata usukani huna tena. Diski ingenipa breki kali mahali ambapo haina cha kushika. Nikanyamaza, nikachukua jeki.

Kuzitambua breki zenyewe kulichukua siku nzima. Mbele ni dramu ndogo ya waya, mkono kwenye hendeli unavuta kimkono kwenye ringi. Nyuma kuna kipaipu cha chuma kinaenda kila upande, maana yake ni za mafuta: pedali inasukuma masta silinda, masta inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma silinda ndogo ndani ya dramu na zile breki shuu zinafunguka. Dramu imegongwa maandishi MAX 181, yaani ilizaliwa na kipenyo cha milimita 180 na ikifika 181 itupe. Kwa vernia niliyoazima nikapata 180.6. Bado ipo ipo. Hiyo namba iandikeni, maana za 160 na za 180 ukiziona kwenye picha ya simu zinafanana kama mapacha, na muuza spea anakuuliza tu "za guta eeh?" kisha anakupa aliyonayo. Nenda na ile ya zamani mkononi.

Upande wa kulia ulikuwa mzima. Wa kushoto nilipovua dramu ilitoka harufu ya difu. Sili ya ekseli imekufa, oili imevuja mpaka kwenye shuu, zimelowa kama maandazi. Shuu iliyolowa oili haisafishiki, hata uioshe na petroli na kuipiga msasa, ikipata joto oili inatoka tena. Hiyo ni ya kutupa. Kwa hiyo guta lilikuwa linasimama kwa mguu mmoja wa nyuma.

Lakini hiyo haikueleza kwa nini pedali ilikuwa ngumu vile. Mjomba alisema ni kama kukanyaga jiwe. Nikaingia chini kuangalia masta. Mpya inang'aa, ya gari dogo, ubavuni imeandikwa 3/4. Fundi wa jirani akaniletea ile iliyotolewa, alikuwa ameihifadhi kwenye kopo la maziwa pamoja na nati. Imeandikwa 5/8.

Hapo wadau nilikaa chini kwenye vumbi, maana nilikumbuka kitu.

Mwezi wa sita mjomba alinipigia simu, niko hosteli na washkaji tunajiandaa na mitihani. Akasema masta inavuja, ya saizi yake haipatikani hapa mjini, ipo kubwa zaidi ya gari, vipi? Nikamjibu mbele ya watu, sauti ya kiinjinia kabisa: "Weka hiyo kubwa mjomba, ndo utapata breki ya uhakika." Simu haikufika hata dakika mbili.

Chukueni bomba mbili za sindano, moja nyembamba na moja nene, mjaze maji. Sukuma kwa nguvu ileile ya kidole. Nyembamba inarusha maji mbali, nene inachuruzisha tu. Presha ni nguvu kugawa eneo, kitu tumefundishwa tangu sekondari. Milimita 19 kwa 15.9 ni eneo mara 1.44, kwa hiyo mguu uleule wa mjomba ulikuwa unapeleka presha pungufu kwa karibu asilimia 30. Pedali inakuwa fupi na ngumu, dereva anaona imekaza vizuri, kumbe nguvu haifiki. Na mimi ndo niliyeiweka pale kwa simu.

Nachingwea nilizunguka maduka yote sikupata 5/8. Nikapanda bodaboda mpaka Ruangwa, nikaipata duka la tatu, pamoja na sili na shuu za 180. (Namungo hawakuwa na mechi pale Majaliwa siku hiyo, bahati mbaya.) Mafuta ya breki nikanunua chupa mpya ya DOT 3. Jirani alishauri tujaze haidroliki ya trekta "ni ileile tu", nikakataa, maana ile inavimbisha mipira yote ya ndani na breki inakufa baada ya muda.

Tulifunga, tukatoa upepo, mjomba kwenye pedali na mimi chini na mpira wa maji na chupa, mpaka mapovu yakaisha. Pedali sasa inashuka zaidi kidogo kuliko mwanzo. Mjomba hakuipenda, akasema imelegea. Tukaenda mahali tambarare na gunia sita, spidi 30, utingo amesimama pembeni na kijiti. Siku ya kwanza, kabla sijafungua kitu, tulikuwa tumepima kwa mzigo huohuo: hatua 23. Sasa hatua 13. Mjomba akarudia mara tatu, halafu akaacha kuongelea pedali.

Jioni hiyo nikamwambia ukweli kuhusu simu ya mwezi wa sita. Nilidhani amesahau. Akasema, "Nakumbuka. Nilikuwa nasubiri uione mwenyewe."

Kuhusu gunia tumebishana sana. Mimi nilitaka sita, ndo kilo 480, kibati kinaruhusu. Yeye akasema kwa sita anafanya kazi ya petroli tu. Tumeishia nane, na nyutro kwenye mteremko marufuku, anaingia gia ya pili kabla hajaanza kushuka. Nane bado ni nyingi na nimemwambia hivyo. Utingo naye sasa anashuka na kutembea pale kwenye kalivati, hakuna aliyemtuma.

Bumu halijatoka. Mwenye desa la mekanika ya mafuta anishtue.