Inteki Ilipotoka, Pikapu Ilipata Nguvu

Ushuhuda wangu ni kwa wenye pikapu na malori madogo yanayobeba mazao kati ya Embu na Meru, na hasa kwa yule aliyeambiwa kwamba gari likichoka mlimani dawa yake ni kulifungia bomba la hewa baridi. Mafundi wetu wanakiita kifaa hicho inteki. Ni bomba pana la alumini au plastiki ngumu lenye filta ya umbo la koni mwishoni, na hufungwa mahali pa boksi la filta lililokuja na gari kutoka kiwandani. Wanaokiuza wanaahidi nguvu, dizeli kupungua, na mngurumo. Mimi nimekaa nacho, nimekitoa, nikakirudisha kwa majaribio, kisha nikakitoa kabisa. Katika hayo matatu nilipata mngurumo peke yake.

Nafanya biashara ya ndizi na ndengu. Ndizi nazitoa Kanyakine na Nkubu, Imenti Kusini. Ndengu, na maembe msimu wake ukifika, nayafuata Mbeere, upande wa Siakago na Ishiara. Anayezijua pande hizo anajua kwamba gari linaloenda kote kuwili linafanya kazi mbili tofauti. Mbeere ni joto na vumbi jekundu, jepesi kiasi kwamba gari lililokutangulia linaweza kuwa limeshapotea kwenye kona na vumbi lake bado liko hewani linakungoja. Upande wa Meru lami ni nzuri, lakini barabara inazama kwenye kila mto unaoshuka kutoka Mlima Kenya: Ena, Thuci, Nithi, Mutonga. Kila mto una mteremko wa kuuingia na mlima wa kuutoka, na ndizi ni mzigo mzito.

Pikapu yenyewe ni Hilux ya dizeli, injini ya lita 3 yenye tabo. Niliinunua mkono wa pili kwa mtu aliyekuwa akibeba miraa kutoka Maua. Yeyote aliyekulia Meru anazijua pikapu hizo. Miraa hutafunwa ikiwa mbichi, na zikipita siku mbili hivi tangu ikatwe, ukali wake unapungua na bei inaanguka. Ndiyo maana Hilux zimekuwa zikishuka kutoka milima ya Nyambene na kukimbilia Nairobi, ziwahi ndege na wanunuzi wa Eastleigh. Katika kazi ya namna hiyo dereva hutafuta kila kitu kinachoahidi kasi. Basi pikapu ilinifikia ikiwa imeshafungwa inteki, na aliyeniuzia aliihesabu kwenye bei kama faida yangu.

Kijana anayeniendeshea aliipenda tangu siku ya kwanza. "Mama, sikia inavyovuta!" Na kweli ukikanyaga mafuta ilitoa mlio wa kunyonya hewa ambao ulifanya watu wa stendi wageuke. Lakini mimi ndiye ninayelipa dizeli, na hesabu ya dizeli ilikuwa inapanda. Tukiwa na ndizi zimejaa, kuupanda mlima wa Nithi ilikuwa lazima kurudi gia ya pili, moshi mweusi unafunika magari ya nyuma, na mafuta ya injini yanapungua kati ya sevisi moja na nyingine. Nikipeleka mzigo Nanyuki kupitia Timau, ambako barabara inapita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ilikuwa mateso zaidi. Gereji moja iliniambia koni imezeeka, ninunue kubwa zaidi. Waliniandikia bei kwenye karatasi, na kwa bei hiyo ningepata filta za karatasi za mwaka mzima na chenji ikabaki.

Sikulipa. Nilikwenda kwa fundi mmoja wa Embu, mzee aliyezoea malori ya mchanga na mawe, nikamwomba kwanza anionyeshe tatizo kwa macho yangu. Hilo lilikuwa jambo jipya kwangu. Katika biashara hii mama hulipa, na mambo ya chini ya boneti huzungumzwa na wanaume wakiwa wamempa mgongo.

Injini ilikuwa ndiyo kwanza imezimwa. Mzee alifungua boneti akasema, "Mama, weka mkono hapa, karibu na hii koni." Nikauweka, nikautoa haraka. Koni ilikuwa imekaa wazi nyuma ya radieta, haina kifuniko wala ukuta wa kuitenga na injini. Kifaa kilichouzwa kwa jina la hewa baridi kilikuwa kinavuta hewa ya moto kuliko zote zilizokuwamo kwenye gari. Kisha akalegeza klipu, akalitoa bomba, akachukua kitambaa cheupe, akakizungusha ndani ya bomba upande wa tabo, yaani upande ambao hewa ilipaswa kuwa imeshachujwa. Kitambaa kilitoka chekundu. Akanimulikia tochi hadi kwenye mdomo wa tabo ili nione mapanga ya feni yake. Kingo zilizopaswa kuwa kali zilikuwa zimelika na kuwa butu. "Hii ni kazi ya Mbeere," akasema. "Vumbi la kule ni mchanga, mama. Linasaga chuma."

Aliyonieleza baadaye, tukiwa tumekaa kwenye benchi lake, ndiyo yaliyobadilisha namna ninavyolitazama gari, nami nayaeleza kama nilivyoyaelewa na kuyahakiki.

Injini ya lita 3 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inavuta karibu lita 4,500 za hewa kila dakika, na hapo tabo haijaongeza zake. Lita moja ya dizeli inahitaji zaidi ya lita 10,000 za hewa ili iungue sawasawa. Hewa yote hiyo inapita kwenye filta moja. Filta ikiruhusu vumbi kidogo tu, kidogo hicho kinazidishwa kwa kila kilomita, na mchanga ule unafika kwenye tabo, kisha kwenye ringi na kuta za silinda. Koni nyingi za inteki ni za pamba iliyopakwa mafuta. Hewa inapita ndani yake kwa urahisi zaidi, ndiyo sababu zinauzwa, lakini kitu kinachoruhusu hewa ipite kwa urahisi mara nyingi kinaruhusu na vumbi laini. Filta nzuri ya karatasi inalikamata vizuri zaidi. Tena ukiyazidisha mafuta ya pamba baada ya kuiosha, yanaweza kurukia ile sensa ya kupima hewa ambayo magari mengi ya sasa yanayo, na kompyuta ya gari ikaanza kupewa hesabu zisizo sahihi.

Kuhusu baridi, ni kweli kwamba hewa baridi ni nzito na ina oksijeni nyingi zaidi. Kila joto likishuka kwa nyuzi 3 hivi, unapata takriban asilimia 1 ya hewa zaidi. Lakini wengi wetu hatujatazama hewa ya gari letu inatoka wapi. Bomba la kiwandani la Hilux yangu huchukua hewa ndani ya madigadi, nje ya chumba cha injini. Hewa hiyo tayari ni baridi. Angalia Canter au Isuzu FRR: bomba la hewa limepandishwa nyuma ya kebini, mdomo wake uko juu, mbali na joto na mbali na vumbi la magurudumu. Kiwanda kilishaifanya kazi ambayo tunauziwa upya. Koni iliyo wazi inavuta hewa ya chini ya boneti, ambayo inaweza kufika nyuzi 60 wakati nje ni 25, na hapo umepoteza asilimia 10 au zaidi ya hewa uliyokuwa nayo bure. Lile tundu la juu ya boneti ya Hilux, ambalo wengi hudhani linailisha injini, linapeleka upepo kwenye intakula, kile kipoza cha hewa iliyoshindiliwa na tabo. Tabo ikishindilia hewa, joto lake hupita nyuzi 100 na intakula ndiyo inayoliteremsha. Nyuzi mbili tatu za mwanzoni hazibaki na uzito wowote baada ya safari hiyo.

Halafu kuna jambo la dizeli yenyewe. Nguvu ya injini ya dizeli inatokana na kiasi cha mafuta yanayopulizwa kwenye silinda. Ukiongeza hewa bila kuongeza mafuta, na hewa ilikuwa inatosha, hupati nguvu mpya. Moshi mweusi ni alama kwamba hewa imepungua, na kwangu ilipungua kwa sababu ilikuwa ya moto na tabo ilikuwa imelika. Kule Timau kuna sababu nyingine juu ya hizo: kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, na kwenye mita 2,300 shinikizo lake ni karibu robo tatu tu ya lile la Mombasa. Hakuna bomba linaloweza kuubadilisha mlima. Tabo yenye afya ndiyo inayosaidia hapo, na afya ya tabo inaanzia kwenye filta.

Tabo ilikarabatiwa. Boksi la filta la kiwandani tulilipata Nairobi, kwenye maduka ya spea za mtumba ya Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Tukafunga filta mpya ya karatasi. Safari ya kwanza ya ndizi kutoka Kanyakine, tulipanda Nithi kwa gia ya tatu, na nilipotazama kioo cha pembeni niliona gari la nyuma yetu vizuri, rangi yake na dereva wake.

Kijana wangu hakuridhika. Alisema kilichotusaidia ni tabo, na koni inaonewa. Hoja yake ilikuwa ya haki, kwa hiyo msimu wa mvua, vumbi lilipolala, nilikubali turudishe koni kwa muda, kwenye lami tu, njia ileile ya Nkubu, mzigo uleule, tangi tukijaza hadi juu kwenye kituo kilekile kila mara. Asubuhi ya baridi hatukuona tofauti yoyote mlimani. Mchana, tukitambaa nyuma ya malori huko Chuka jua likiwa kali, gari lilikuwa zito na koni yake kuliko na boksi. Dizeli haikupungua. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshika spana na kulirudisha boksi, na siku hizi anawaeleza madereva wenzake habari za nyuzi na asilimia kuliko mimi.

Sisemi kifaa hiki hakina mahali pake popote. Gari la mashindano ambalo kompyuta yake imepangwa upya ili kuongeza mafuta, lenye koni iliyofungiwa kwenye boksi lake na kuvuta hewa ya nje, linaweza kupata faida, na mwenyewe ana timu ya kusafisha kila jioni. Lakini hata huko tazama wanavyofanya. Safari Rally iliyoanza mwaka 1953 ilirudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, huko Naivasha, kwenye vumbi laini kama unga, na katika miaka iliyofuata tumeyaona magari yale yakiwa na bomba la hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa. Wale wenye fedha zote za duniani, wakifika Kenya, wanatafuta hewa isiyo na maji wala mchanga.

Na kwa barabara yetu kuna jambo lililo juu ya nguvu. Julai 2022 basi lilitumbukia kutoka kwenye daraja la Nithi na watu zaidi ya 30 wakafa. Kabla ya mlima wa Nithi kuna mteremko wake. Mwenye pesa za kuongezea gari kitu, aanze na breki na matairi.

Mimi leo nafungua boneti mwenyewe. Nikitoka Mbeere naikagua filta kabla ya mzigo unaofuata. Naitazama kwa tochi upande wa pili: mwanga ukipita kidogo, naigonga taratibu au naipuliza kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje. Upepo mkali wa kompresa huitoboa karatasi matundu usiyoyaona, na filta iliyopulizwa mara nyingi inabadilishwa hata kama inapendeza. Napitisha kidole kwenye mpira wa ukingoni kuona kama umekandamizwa au umepasuka, kwa sababu vumbi jingi hupita pembeni ya filta. Kwenye lori lenye filta mbili, ile ya ndani haipulizwi, inabadilishwa tu.

Ndugu yangu mwenye pikapu, kabla hujatoa pesa kununua inteki, mwombe fundi alegeze bomba lililo kati ya filta na injini, nawe upanguse ndani yake kwa kitambaa cheupe, mbele ya macho yako. Kikitoka safi, gari lako linapata hewa nzuri na huhitaji kununua kitu. Kikitoka chekundu, nunua filta ya karatasi na mpira wake leo, kabla hujabeba mzigo mwingine.